Buibui na Jeraha Jeusi

Mtu akiumwa na nyoka hujua kwamba ameumwa na nyoka, kwa sababu nyoka huonekana akienda zake majanini, na alama za meno hubaki mguuni. Lakini mtu akiamka asubuhi akakuta kipele mkononi, asione mdudu wala alama ya meno, aghalabu husema, "Ni buibui." Shahidi hakuna, mshitakiwa hakuonekana mahali pa kosa, lakini hukumu imekwisha tolewa. Mara nyingi hukumu hiyo haidhuru kitu, maana kipele hupoa chenyewe baada ya siku mbili tatu, na buibui hajui kwamba alishitakiwa. Lakini ziko nyakati ambapo kumsingizia buibui huweza kumpoteza mtu, kama ilivyokaribia kumpata mkulima mmoja wa upande wa Bonde la Ufa mwishoni mwa mwaka 2019.

Mwaka ule ulianza kwa ukame, kisha mvua za vuli zikanyesha kupita kiasi. Ardhi iliyokuwa imepasuka ikageuka tope, nyasi fupi zikachipuka ghafula, na ng'ombe wenye njaa wakazing'oa pamoja na mizizi na udongo wake. Mkulima huyo alikuwa mtu wa makamo, mwenye ekari 6 za mahindi na ng'ombe 4 wa maziwa, mtu aheshimiwaye katika chama cha ushirika na mwenye watoto 2 katika shule ya sekondari. Karo ya watoto hao ilitoka katika maziwa, wala haikuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Asubuhi moja aliona kipele juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia. Kilikuwa kidogo kama alama ya mbu, nacho kilimwasha. Siku ya pili pakatokea malengelenge yenye maji kukizunguka. Siku ya nne kikapasuka, na katikati pakawa na kigaga cheusi mfano wa kaa lililozimika, na mkono ukavimba hata kufika kiwikoni. Ajabu ni kwamba hakusikia maumivu. Mkewe alipomwuliza, akakumbuka kwamba wiki ile alikuwa amehamisha magunia ghalani, na huko aliona tandabui nyingi na buibui mmoja mweusi akikimbilia katika ufa wa ubao. Basi shauri likawa limekwisha. Aliyemwuma ni yule.

Akaitwa jirani, mzee mwenye sifa ya kujua dawa. Mzee akachanja chale kulizunguka jeraha kwa wembe, akapaka majani yaliyotwangwa pamoja na majivu, akafunga kitambaa, akasema kwamba sumu ya buibui itatoka kwa muda wa siku 3. Haifai kumcheka mzee huyo. Hakuwa mlaghai, alifanya kwa wema kama alivyofundishwa na baba yake, na malipo aliyopokea ni kikombe cha chai. Kosa lake ni kwamba alianza kutibu kabla ya kuuliza.

Siku mbili baadaye alifika nyumbani mpwa wa mkulima, kijana aliyekuwa karani mjini, kuja kuwasalimu wazee wake kama ilivyo desturi yake kila mwisho wa mwezi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Mkono umepatwa na nini?"

"Buibui tu. Jirani amekwisha utazama."

"Ulimwona alipokuuma?"

Mjomba akanyamaza kidogo. "Kumwona akiniuma sikumwona. Lakini nyumba yake niliiona ghalani, naye mwenyewe nilimwona akikimbia."

"Na jeraha launa uchungu gani?"

"Halina uchungu hata kidogo. Ndiyo maana sina wasiwasi."

Jibu hilo la mwisho, lililompa mjomba raha, ndilo lililomtia karani hofu. Ili msomaji afahamu sababu yake, yafaa kwanza ajue buibui ni nani, na sumu yake hufanya nini katika mwili wa mwanadamu.

Hata kufika mwaka 2022 wataalamu walikuwa wamehesabu aina za buibui zaidi ya 50,000 duniani. Karibu wote wana sumu, lakini sumu hiyo wamepewa kwa ajili ya nzi, mbu, panzi na wadudu wengine walio chakula chao. Meno ya wengi ni mafupi mno, hayawezi kupenya ngozi ya mtu. Na wale wenye meno ya kupenya hawana haja ya kumwuma mtu, kwa kuwa hawawezi kumla. Buibui humwuma mtu anapobanwa: amekaliwa, amekanyagwa, au amefinywa ndani ya nguo au kiatu. Kati ya maelfu hayo yote, walio na sumu ya kumhatarisha mtu ni jamii chache tu.

Jamii ya kwanza ni ile ambayo wataalamu huiita Latrodectus. Wamarekani humwita jike lake mjane mweusi, kwa sababu pengine humla mumewe baada ya kupandana. Watu wa Afrika Kusini humwita kwa jina la kifungo, kwa kuwa tumbo lake ni la mviringo kama kifungo cha koti. Mwili wake hauzidi punje ya harage kwa ukubwa. Hukaa mahali penye giza karibu na ardhi, na utando wake hauna mpango mzuri kama ule wa buibui wa bustanini, bali ni nyuzi ngumu zilizotupwa huku na huku. Ndugu yake wa rangi ya kahawia hupatikana Kenya na nchi nyingi zenye joto, chini ya viti, ndani ya vyungu visivyotumika na katika kuta za vyoo. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya machungwa, mfano wa pembetatu mbili zilizokutana ncha kwa ncha, na mfuko wake wa mayai una vijincha pande zote. Sumu ya huyu wa kahawia kwa kawaida humletea mtu maumivu ya mahali alipoumwa tu. Wale weusi wa jamii hiyo ndio wa kuogopwa.

Zamani hata madaktari wengi hawakusadiki kwamba mdudu mdogo hivyo aweza kumlaza mtu mzima. Mwaka 1922 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, jina lake William Baerg, alimwacha buibui huyo amwume kidole makusudi, ili ajue ukweli. Akalazwa hospitali kwa siku kadhaa. Mwaka 1933 Allan Blair wa Chuo Kikuu cha Alabama akarudia jaribio hilo. Alimwekea buibui jike kidole chake, akamwacha aume kwa sekunde 10 hivi, kisha akaanza kuandika kila alichokisikia mwilini. Maumivu yalianza kidoleni, yakapanda mkononi, yakaingia kifuani, yakashuka tumboni na miguuni. Tumbo likakakamaa kama ubao, jasho likamtoka, na kupumua kukawa kazi. Yapata saa mbili baada ya kuumwa alikuwa hospitalini, na mateso yake yaliwashangaza hata waliozoea kuona wagonjwa. Alipona, lakini tangu alipochapisha habari zake mwaka 1934 hapana daktari aliyeweza tena kusema kwamba maneno ya wakulima juu ya buibui mweusi ni hadithi za bibi.

Sababu ya mateso hayo sasa yajulikana. Sumu hiyo hushika miisho ya neva, mahali ambapo neva hupeleka amri kwa misuli, ikazifanya zitoe kwa mara moja akiba yao yote. Ni kama tarishi aliyetupa barua zote za mfuko wake katika mlango mmoja. Misuli hupokea amri juu ya amri, ikajikaza isiweze kulegea. Tumbo hukakamaa hata wako madaktari waliowahi kudhani kwamba utumbo wa mgonjwa umetoboka, wakataka kumpasua. Wanaokufa ni wachache sana, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wadogo na wazee. Dawa ya kuishinda sumu hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1936, nayo Australia ikapata yake mwaka 1956 kwa ajili ya buibui wa jamii hiyo hiyo wanaoishi huko.

Katika habari za Marekani liko jambo moja linalowahusu sana watu wa shamba. Wakati ambapo vyoo vya huko vilikuwa vibanda vya mbao nje ya nyumba, watu wengi walioumwa walikuwa wameketi chooni. Nzi hufuata choo, buibui hufuata nzi, akatanda utando wake chini ya kiti cha ubao. Mtu akiketi huutikisa utando, na buibui hudhani amepata windo. Choo kinachofagiwa na kufunikwa humwondoa nzi, na nzi akiondoka, buibui naye huhama kwa hiari yake.

Jamii ya pili huitwa Loxosceles. Hao ni wa rangi ya kahawia, wana macho 6 badala ya 8 waliyo nayo buibui wengi, na mgongoni wengi wao wana alama mfano wa fidla. Wanapatikana Amerika ya Kusini, Marekani na sehemu za Afrika pia. Sumu yao haishiki neva, bali huua nyama ya mwili mahali ilipoingia, na pengine huacha donda linalochukua wiki nyingi kupona. Jamii hii ndiyo iliyompatia buibui sifa mbaya ya kuozesha mwili. Lakini sifa hiyo imezidi matendo. Mwaka 2001, katika nyumba moja ya jimbo la Kansas, buibui wa namna hiyo 2,055 walikusanywa kwa muda wa miezi 6. Ndani ya nyumba hiyo ilikuwa ikiishi familia nzima, watu wazima na watoto, kwa miaka kadhaa, wala hapana hata mmoja wao aliyekuwa ameumwa. Kama buibui elfu mbili wa nyumba moja hawakumwuma mtu, je, yafaa kila donda la kijiji lipewe jina lao?

Jamii ya tatu iko mbali, huko Australia ya Mashariki. Karibu na mji wa Sydney yuko buibui mweusi aitwaye Atrax, ambaye dume lake ndilo lenye sumu kali kupita jike. Aliwahi kuua watu, na baadhi yao walikufa kwa muda wa saa chache. Mwaka 1981 Struan Sutherland na wenzake walipata dawa yake kutokana na damu ya sungura, na tangu mwaka huo hakuna kifo kilichothibitishwa kuwa ni cha buibui huyo. Habari hiyo yatosha kuonyesha kwamba hata buibui mbaya kupita wote hushindwa na maarifa, mradi mgonjwa afikishwe hospitali mapema.

Na wale buibui wakubwa wenye manyoya, ambao watoto wa Kenya hukimbia wakiwaona? Hao huchimba mashimo ardhini au hujificha chini ya mawe. Mmoja wao, mwenye rangi nyekundu ya kutu, hupatikana Kenya na Tanzania, naye akichokozwa husugua miguu yake akatoa sauti kama ya nyoka. Mwingine, wa rangi ya dhahabu, yuko upande wa Mombasa. Kuumwa nao huleta maumivu makali, uvimbe, na pengine misuli kukaza kwa siku kadhaa. Lakini hakuna kifo cha mtu kinachojulikana kutokana nao. Ukubwa wa buibui si kipimo cha sumu yake.

Baada ya kuwajua buibui wenyewe, yapasa kuwajua wale wanaofanya maovu kwa jina lao. Wa kwanza ni kile kidudu chembamba, chekundu na cheusi, kiitwacho Nairobi fly. Licha ya jina lake si nzi, bali ni jamii ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Lakini mwilini mwake mna maji makali, naye akipondwa juu ya ngozi, maji hayo huunguza, na kesho yake mtu huamka na mstari wa malengelenge shingoni au usoni, akasema kwamba buibui amemkojolea usiku. Dawa ni kumpuliza kidudu aondoke bila kumponda. Na aliyekwisha mponda na aoshe mahali pale kwa sabuni na maji mengi, asiguse macho. Wa pili ni majipu ya kawaida, yaletwayo na vijidudu visivyoonekana, ambavyo huingia katika mkwaruzo mdogo. Huko Marekani, madaktari walipochunguza majeraha ambayo wagonjwa waliyaita ya buibui, waliona kwamba mengi ni ya namna hiyo.

Wa tatu ndiye aliyemtisha karani. Huyo ni kimeta.

Kimeta ni ugonjwa wa ng'ombe, kondoo, mbuzi na wanyama wa porini. Mjerumani Robert Koch alionyesha mwaka 1876 jinsi kijidudu chake kinavyojigeuza kuwa mbegu ngumu, ambayo huweza kukaa katika udongo kwa makumi ya miaka bila kufa. Mvua kubwa zikija baada ya ukame, mbegu hizo hupanda juu, na mnyama huzimeza pamoja na udongo anapong'oa nyasi fupi. Hufa ghafula, pengine jioni alikuwa mzima akicheua. Damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni na nyuma. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliua nyati wengi katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kwa hiyo si jambo geni katika Bonde la Ufa.

Mwanadamu huupata kwa kumchuna mnyama aliyekufa, au kwa kula nyama yake. Aliyemchuna, kijidudu kikiingia katika mkwaruzo wa mkono, hupata kipele kinachowasha kama cha mbu baada ya siku moja hadi wiki moja. Kisha huja malengelenge, kisha kigaga cheusi katikati ya uvimbe mkubwa. Hata jina la kitaalamu la ugonjwa huo limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kaa la moto. Na alama yake kubwa ni hii: jeraha lenyewe haliumi. Buibui mweusi huleta maumivu makali bila jeraha kubwa. Buibui mwenye fidla huleta donda linaloanza kuuma baada ya saa chache, na kwa kawaida halivimbishi mkono mzima. Kimeta huvimbisha mkono na kuweka kaa jeusi katikati, na mwenyewe hasikii kitu. Asipotibiwa, hata wagonjwa 20 katika kila 100 wa namna hiyo huweza kufa, kwa kuwa kijidudu huingia katika damu. Akitibiwa mapema, ni nadra sana kufa.

Wala mtu asidhani kwamba ni watu wa vijijini tu wanaodanganyika. Mwaka 2001, katika mji wa New York, wenye hospitali kubwa na vyombo vya kila namna, mtoto mchanga alipata jeraha jeusi mkononi. Madaktari walimtibu kwanza kama aliyeumwa na buibui. Siku zilipita kabla haijajulikana kwamba alikuwa na kimeta, kilichotoka katika barua zilizotiwa mbegu za ugonjwa na mtu mwovu. Mtoto huyo alipona. Kama wao walikosea, mzee mwenye wembe na majani hastahili lawama peke yake.

Karani alikuwa amesoma habari kama hizo, ndiyo maana akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Mjomba, hivi karibuni kuna ng'ombe aliyekufa hapa?"

Kimya kikaingia. Mke wa mkulima akatazama chini. Kisha mambo yakatoka kidogo kidogo. Siku 10 kabla yake, mtamba wa jirani wa ng'ambo ya kijito alikutwa amekufa malishoni. Wanaume wanne walimchuna, mkulima akiwa mmoja wao, maana ndiye aliyekuwa na kisu kizuri. Ngozi iliuzwa, na nyama ikagawanywa, kwa kuwa nyama ni nyama na mwezi ulikuwa mgumu. Damu ilionekana puani. Kila mmoja aliiona, wala hapana aliyesema neno.

"Mbona hamkumwita afisa wa mifugo?"

"Mwanangu," mjomba alijibu kwa sauti ndogo, "akija afisa huja na karantini. Karantini ikiingia, maziwa hayatoki. Na maziwa yasipotoka, wale watoto watarudishwa nyumbani kwa karo."

Hapo ndipo ulipoonekana uzito wa jambo lile. Mkulima huyo hakuwa mjinga. Alipoona kigaga cheusi mkononi mwake, moyo wake ulijua pa kwenda, lakini njia ya huko ilipita penye hasara. Buibui wa ghalani alikuwa njia fupi isiyogharimu kitu. Buibui hana karantini. Buibui hafungi soko la maziwa. Basi alimshitaki buibui, akamwaminisha mkewe, akamwaminisha jirani, na mwisho akajiaminisha mwenyewe. Uongo ambao mtu huwaambia wengine huweza kumletea aibu, lakini ule anaojiambia mwenyewe huweza kumwua.

Walikwenda hospitali jioni ile ile. Daktari alitazama jeraha, akauliza lile lile swali la ng'ombe, akachukua maji ya jeraha kwa uchunguzi, akaanza kumpa dawa bila kungoja majibu. Habari zikapelekwa kwa watu wa afya na wa mifugo. Wale wanaume wengine watatu walitafutwa, na mmoja wao alikuwa na kipele kilichokuwa bado hakijageuka kuwa cheusi. Waliokula nyama walipewa dawa na kuangaliwa, maana kimeta kikiingia kwa njia ya tumbo ni kibaya zaidi kuliko cha ngozi. Mabaki ya mtamba yakazikwa katika shimo refu kwa chokaa, na ng'ombe wa eneo lile wakachanjwa. Chanjo ya namna hiyo ilianza na kazi ya Max Sterne huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, na hata leo ndiyo kinga ya mifugo katika nchi nyingi.

Karantini ilikuja kama mkulima alivyoogopa. Maziwa hayakutoka kwa wiki kadhaa. Ilimbidi auze magunia ya mahindi aliyokuwa ameyaweka akiba, yale yale ya ghalani, na mtoto mmoja alichelewa kurudi shuleni muhula uliofuata. Hasara hiyo haikuwa ndogo, wala si haki kuipunguza kwa maneno. Lakini hakuzikwa mtu. Kigaga hakikuondoka upesi, kwa sababu dawa huua kijidudu lakini nyama iliyokufa hungoja wakati wake. Kilidondoka baada ya wiki chache, kikaacha kovu. Mzee jirani alipokuja kumjulia hali, alilitazama kovu lile kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe tulimsingizia yule mdudu." Tangu siku ile, aletewapo mtu mwenye jeraha, huuliza kwanza; na asiporidhika na jibu, humwambia aende hospitali, naye humsindikiza.

Yako basi mambo machache ya kukumbuka. Mwenye kuvaa viatu au glavu za shambani na azikung'ute kwanza. Mwenye kuhamisha magunia, kuni au matofali yaliyokaa siku nyingi asiingize mkono wazi mahali asipoona. Kitanda kisigusane na ukuta, na mashuka yasiburure chini. Aliyeumwa na buibui na aoshe mahali pale kwa sabuni na maji, aweke kitambaa chenye maji baridi, na kama inawezekana amchukue buibui huyo, hata akiwa amekufa, ndani ya chupa, ili daktari amtambue. Asichanje chale, asifyonze jeraha kwa mdomo, asifunge kamba ya kukaza, wala asimimine mafuta ya taa juu yake. Mambo hayo hayatoi sumu, bali huingiza uchafu. Maumivu yakipanda, misuli ikikaza, jasho likitoka, au aliyeumwa akiwa ni mtoto mdogo, pasiwe na kungoja. Na mtu yeyote mwenye jeraha jeusi lisilouma, aliyegusa mnyama aliyekufa, amwambie daktari habari ya mnyama huyo kabla ya kuulizwa. Mnyama aliyekufa ghafula asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Aitwe afisa wa mifugo.

Wala haifai kuwaua buibui wote kwa kuwa wachache wao ni wabaya. Kando ya Ziwa Victoria yuko buibui mdogo arukaye, aitwaye Evarcha culicivora. Wataalamu waliomchunguza huko Mbita walitangaza mwaka 2005 kwamba chakula anachokipenda kupita vyote ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Hunywa damu ya wanadamu kwa njia ya mbu, bila kumwuma mwanadamu yeyote. Katika nchi ambamo malaria imeua watu wengi kuliko buibui wote tangu dunia kuumbwa, mdudu wa namna hiyo ni askari asiyelipwa mshahara.

Katika ghala la mkulima yule tandabui za pembeni zimefagiwa, kwa sababu mikono ya watoto hufika huko. Lakini ule mkubwa wa juu ya dirisha umeachwa, na nzi hunaswa humo kila siku. Wageni humwuliza kwa nini asiuondoe. Hujibu kwamba mwenye utando ule aliwahi kushitakiwa katika nyumba hii kwa kosa la mtu mwingine, na ni vyema akae karibu ili mwenye nyumba asisahau. Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi, kilio humfichua.